Hakuna Aliye Mkamilifu: Maaskofu Wawili Katika Njia ya Busia

 

Leo neno letu liko katika Waraka wa Paulo kwa Warumi, sura ya 3, mstari wa 23 na wa 24. Hapo Mtume anatuambia mambo mawili kwa pumzi moja. La kwanza, ya kuwa wanadamu wote wametenda dhambi, na hakuna hata mmoja aliyeufikia utukufu wa Mungu. La pili, ya kuwa watu hao hao wanahesabiwa haki bure, kwa neema, kwa ajili ya ukombozi ulio katika Kristo Yesu. Wengi wetu tunalishika neno la kwanza tunapomfikiria jirani, na la pili tunapojifikiria sisi wenyewe. Lakini Paulo hakuyatenga hivyo. Aliyaandika yote mawili kwa ajili ya kila mtu.

Tumeona vema leo tusilieleze jambo hili kwa maneno matupu, bali kwa historia, tena historia ya njia yetu wenyewe. Maana nchi hii ya Marachi na majirani zake, Wakhayo, Wasamia na Wateso, imekuwa nchi ya kupitwa tangu zamani. Misafara ilipita hapa kabla ya kuwako mpaka wowote. Mpaka wenyewe ulikuja baadaye. Hata mwaka wa 1902 nchi hii ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, ndipo serikali ya Waingereza ikaihamishia upande wa Kenya, na ndugu wa mlango mmoja wakajikuta chini ya serikali mbili. Leo malori kutoka Mombasa yanapanga foleni Malaba, na baiskeli zilizobeba watu toka mpaka huu hata mpaka ule ndizo zilizoizaa bodaboda inayojulikana sasa Afrika ya Mashariki yote. Katika njia hii wamepita wafanyabiashara, wakimbizi, askari na wahubiri. Tutawataja maaskofu wawili waliopita hapa, mmoja mwaka wa 1885, mwingine mwaka wa 1990. Tutawataja pia watu waliokuwa kinyume chao. Kisha tutauliza: ni nani kati yao ambaye hakuhitaji neema?

Wa kwanza ni James Hannington. Alizaliwa Uingereza mwaka wa 1847. Mwaka wa 1882 alitumwa na chama cha wamishenari cha CMS aende Buganda, akapita njia ya Zanzibar hata kusini mwa Ziwa Viktoria. Safari hiyo ilimshinda. Homa na ugonjwa wa kuhara damu vilimmaliza nguvu, ikabidi arudi kwao mwaka wa 1883 bila kufika. Mwaka uliofuata, 1884, akawekwa kuwa askofu wa kwanza wa sehemu hizi za Afrika ya Mashariki, akarudi tena.

Hannington alikuwa mtu mchangamfu, mwenye imani hai na moyo wa ushujaa. Lakini alikuwa pia mtu wa haraka, mwepesi wa kujitosa. Alitaka njia fupi na yenye hewa nzuri kuliko ile ya kusini iliyomwua nusu. Basi mwezi wa Julai 1885 akaondoka Rabai karibu na Mombasa pamoja na wapagazi wapatao mia mbili, akapita nchi ya Wamasai hata Kwa Sundu, mahali tunapopaita Mumias leo. Kutoka hapo aliiacha sehemu kubwa ya msafara wake, akachukua watu hamsini tu, akashika njia ya magharibi kwenda Busoga. Atokaye Mumias kwenda Busoga kwa miguu hana budi kuivuka nchi hii ya mpakani.

Tazameni sasa jambo ambalo askofu huyu mwema hakulijua. Mwaka ule ule Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia nchi huku pwani, na habari zilikwisha kufika katika ua wa Kabaka Mwanga. Tena Waganda walikuwa na hofu ya siku nyingi juu ya adui atakayewajia kutoka upande wa mashariki, kwa mlango wa Busoga. Wamishenari waliokuwa Buganda waliiona hatari hiyo, wakajaribu kumwonya, lakini onyo halikumfikia kwa wakati. Yeye alidhani anafungua njia ya Injili, na kumbe katika macho ya wenye nchi alikuwa anagonga mlango uliokatazwa. Nia yake ilikuwa njema, na maarifa yake yalikuwa pungufu. Hivyo ndivyo tulivyo wanadamu, hata tunapofanya kazi ya Mungu.

Tarehe 21 Oktoba 1885 alikamatwa huko Busoga, katika mji wa mtawala aliyeitwa Luba. Akafungwa siku nane. Tunazijua siku zile kwa sababu aliandika habari zake kila siku katika kitabu chake kidogo, nacho kikapatikana baadaye. Anayekisoma akitazamia kukutana na malaika atashangaa. Atakutana na mtu mgonjwa wa homa, anayesumbuliwa na uchafu na wadudu wa nyumba aliyofungiwa, ambaye siku moja ana tumaini na siku ya pili amevunjika moyo kabisa. Hakujificha. Aliandika wazi ya kuwa ameshushwa chini. Na siku ya mwisho aliandika ya kuwa Zaburi ya 30 ilimjia kwa nguvu na kumtegemeza. Tarehe 29 Oktoba aliuawa, na watu wake karibu wote pamoja naye.

Wapenzi wasikilizaji, twaona hapa kwamba lililomshika Hannington halikuwa ushujaa wake. Ushujaa ulikwisha katika siku zile nane. Lililobaki ni Mungu aliyemshika mtu aliyekwisha kuchoka.

Wala tusiwasahau wale wapagazi. Vitabu vingi vinalitaja jina la askofu, lakini watu waliouawa pamoja naye hawakuandikiwa nyimbo wala makanisa hayakuitwa kwa majina yao. Na yuko mtu mwingine ambaye Wakristo wa Kenya wangepaswa kumjua zaidi: Kasisi William Jones. Huyu alikuwa Mwafrika aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa kule India, na mwaka ule wa 1885 Hannington alikuwa amemwekea mikono kuwa mtumishi wa kanisa. Yeye ndiye aliyeachwa Kwa Sundu na msafara uliobaki. Alingoja juma baada ya juma. Habari za mauaji zilipothibitika, aliwaongoza wale watu wenye njaa na huzuni mwendo wote mpaka pwani, wakaingia Rabai mwezi wa Februari 1886 wakiwa na bendera ya buluu iliyoandikwa neno Ikabodi. Msomaji wa Biblia atalikumbuka neno hilo katika 1 Samweli 4. Ni jina la mtoto aliyezaliwa siku ya maombolezo, siku Israeli walipodhani utukufu umewaacha.

Hata hivyo, utukufu haukuwa umeondoka. Mifupa ya askofu ililetwa Mumias ikahifadhiwa huko, na mwishoni mwa mwaka wa 1892 ikachukuliwa na kuzikwa katika kilima cha Namirembe.

Sasa tumtazame aliyetoa amri ya mauaji hayo. Mwanga alikuwa kijana wa miaka kama kumi na minane alipokalia kiti cha baba yake Mutesa mwaka wa 1884. Kabla ya Hannington, mwezi wa Januari 1885, walikwisha kuuawa vijana watatu Wakristo. Baada ya Hannington, Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki, aliuawa mwezi wa Novemba 1885 kwa kuthubutu kumkemea Kabaka juu ya damu ya askofu. Na tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja walichomwa moto Namugongo. Tukisimulia hadithi hii makanisani mwetu, Mwanga huwa ndiye Farao wetu na Herode wetu, kisha tunafunga kitabu.

Lakini kitabu hakikufungwa hapo. Mwaka wa 1888 Mwanga aliondolewa katika kiti chake, akakimbilia kusini mwa ziwa, akapewa mahali pa kukaa na wamishenari, watu ambao dini yao alikuwa ameitesa. Na ni nani waliompigania mpaka akarudi? Ni Wakristo wa Buganda. Wengi wao walikuwa marafiki na ndugu za wale waliochomwa.

Je, Wakristo hao walikuwa wakamilifu? Hapa sisi Waprotestanti inatupasa kusikiliza kwa unyenyekevu. Walipokwisha kuishika nchi, Wakatoliki na Waprotestanti waligombania vyeo na ardhi. Tarehe 24 Januari 1892 walipigana vita Mengo, Wakristo kwa Wakristo, na upande wetu ulisaidiwa na bunduki ya mzinga ya Kapteni Lugard. Kumbukeni ya kuwa ilikuwa haijatimia miaka sita tangu Namugongo, mahali walipokufa pamoja katika moto mmoja wakimwomba Bwana mmoja. Mateso hayakuwaunganisha kwa muda mrefu. Cheo kilipokuja, dhambi ya zamani ilikuja nayo. Mtu asiseme, basi, kwamba kanisa likiteswa litatakaswa lenyewe. Mateso yanaweza kumwonyesha mtu udhaifu wake, lakini kinachomwosha ni neema tu.

Mwaka wa 1897 Mwanga aliwaasi Waingereza, akashindwa, na mwaka wa 1899 akakamatwa na kupelekwa mbali katika visiwa vya Ushelisheli. Huko ugenini, pasipo jeshi wala kiti, mtu yule aliyeamuru kuuawa kwa Askofu Hannington aliomba kubatizwa. Akabatizwa katika kanisa lile lile la askofu aliyemwua, akapewa jina la Danieli. Alikufa huko mwezi wa Mei 1903.

Tunajua ya kuwa wako wanaokunja uso wanaposikia habari hii. Watauliza: Je, mtu amwage damu kiasi hicho, kisha maji kidogo ya ubatizo yamalize yote? Swali hili ni la haki, wala tusilikimbie. Kwanza, sisi hatukupewa mizani ya kuupima moyo wa Mwanga. Mungu peke yake ndiye aliyemwona Danieli akipiga magoti. Pili, neema haikuyafuta yaliyotendeka. Haikumrudishia kiti chake. Alikufa mfungwa, mbali na kaburi la baba yake. Waliouawa Namugongo hawakurudi. Neema haimwambii mwovu ya kuwa uovu wake ulikuwa mdogo. Inamwambia ya kuwa uovu wake ulikuwa mkubwa hata ukahitaji msalaba. Tatu, kama mlango ule ungefungwa usoni pa Mwanga kwa sababu ya uzito wa dhambi zake, je, ni uzito gani ambao ungeruhusiwa? Ni nani angetuwekea kipimo? Mlango wa mbinguni ukiwa na kipimo cha namna hiyo, kila mmoja wetu angeogopa kuukaribia.

Miaka ikapita. Kati ya mwaka wa 1929 na miaka ya 1930, Mungu aliwasha moto mwingine Uganda na Rwanda, katika watu kama Simeoni Nsibambi, ndugu yake Blasio Kigozi, na daktari wa hospitali ya Gahini, Joe Church. Kutoka huko Uamsho ulivuka mipaka, ukaingia Kenya mwaka wa 1937, ukafika Nyanza na Magharibi. Wazee wetu waliusikia wimbo wa Tukutendereza ukiimbwa chini ya miti na barabarani. Jambo lililowashangaza watu katika Uamsho halikuwa kelele. Lilikuwa hili: wamishenari wa Kizungu walisimama mbele ya Waafrika wakaungama kiburi chao, na wazee wa kanisa walisimama mbele ya wake zao na majirani zao wakaungama wizi na uzinzi. Vitu vilivyoibwa vilirudishwa. Watu walikubali kwamba mtu anaweza kuwa mshiriki wa kanisa miaka ishirini na bado ni mwenye dhambi anayehitaji kuoshwa leo.

Hiyo ndiyo ilikuwa nguvu ya Uamsho. Na hatari yake ilikuwa jirani na nguvu yake. Maana neno "nimeokoka" linaweza kutamkwa na mtu aliyepiga magoti, na linaweza kutamkwa na mtu aliyepanda juu ya kiti awatazame wengine kwa chini. Mahali pengi neno hili liligawanya makanisa: hawa waliookoka, na wale wa dini tu. Mtu anaweza kuutumia ushuhuda wa neema kama cheti cha kujisifu. Ndipo anapohitaji kuanza upya pale alipoanzia.

Lakini Uamsho ulipobaki katika mzizi wake ulizaa tunda zuri sana. Mwezi wa Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa katika utawala wa Idi Amin. Askofu Festo Kivengere, mtu wa Uamsho, alikimbia usiku na mkewe wakavuka milima kuingia Rwanda. Mwaka ule ule alitoa kitabu kidogo ambacho jina lake lilisema wazi ya kuwa anampenda Idi Amin. Wengi walichukizwa na jina hilo. Hakusema kwamba Amin hakukosa. Alisema kwamba chuki ilikuwa imeanza kumla yeye mwenyewe, na kwamba msalabani Yesu aliwaombea waliompigilia misumari. Basi yeye Festo, aliyesamehewa, angewezaje kumnyima Amin msamaha?

Tunafika sasa kwa askofu wa pili, na hapa historia inakuja mpaka mlangoni petu. Alexander Kipsang Muge alikuwa askari katika kikosi cha GSU kabla ya kuitwa katika huduma. Alisomea kazi ya kanisa katika chuo cha Mombasa kiitwacho kwa jina la Askofu Hannington, kisha London, na mwaka wa 1983 akawa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Eldoret. Alikemea unyang'anyi wa ardhi na rushwa, na alisema juu ya njaa wakati wakubwa waliposema hakuna njaa. Alipendwa na wengi. Lakini tusimfanye malaika. Ulimi wake ulikuwa mkali, na hata ndani ya kanisa walikuwapo wenzake ambao hawakupatana naye katika mambo mengine. Alikuwa chombo cha udongo, kama alivyokuwa Hannington.

Mwaka wa 1990 nchi yetu ilikuwa na hofu. Waziri Robert Ouko alikuwa ameuawa mwezi wa Februari. Mwezi wa Julai palikuwa na ghasia na watu walikufa. Wahubiri waliosema juu ya haki walitazamwa kama adui. Ndipo mwezi wa Agosti Waziri wa Kazi, Peter Okondo, mwana wa wilaya hii ya Busia, aliposema hadharani kwamba Askofu Muge na Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini wakikanyaga Busia wataona moto, na huenda wasitoke wakiwa hai.

Muge aliyajibu maneno hayo kwa miguu. Tarehe 14 Agosti 1990 alikuja Busia pamoja na watumishi wengine wa kanisa. Watu walimlaki kwa furaha, wakaimba, wakaomba pamoja naye. Hakuna aliyemgusa. Kisha akaanza safari ya kurudi Eldoret, na huko njiani, Kipkaren, gari lake likagongana na lori, akafa.

Nchi nzima ilitetemeka. Waziri alijiuzulu baada ya siku chache. Dereva wa lori alishtakiwa, akafungwa. Watu wengi hawakuamini ya kuwa ilikuwa ajali tu, na miaka mingi baadaye Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka wa 2013, ilipokea ushahidi wa mtu aliyekuwa katika polisi kwamba kifo kile kilipangwa. Hatuketi hapa kama mahakama, wala hatuwezi kumhukumu mtu kwa jambo lisilothibitishwa. Lakini jambo moja linajulikana na watu wote: maneno yale yalisemwa, na baada ya kifo hayakuweza kurudishwa kinywani. Ulimi hauna mfupa, na maji yakimwagika hayazoleki. Yakobo katika sura ya 3 ya waraka wake anaufananisha ulimi na cheche ndogo iwezayo kuuteketeza msitu mzima.

Wapendwa, ni rahisi sana kuisimulia habari hii kwa namna ya kumchukia mtu mmoja, au kuichukia wilaya moja, au kabila moja. Wako waliosema ya kuwa Busia imemwua askofu. Wengine walijibu ya kuwa si sisi, ni yule. Neema haiingii katika mabishano ya namna hiyo. Inafanya kazi mbili ambazo sisi hupenda kuzitenganisha. Inataka ukweli ujulikane wote, kwa sababu msamaha usiojua unasamehe nini si msamaha, ni usahaulifu. Na tena inatukataza kumtoa mtu yeyote katika hesabu ya wale ambao Kristo aliwafia. Anayeshika lile la kwanza tu atakuwa mwendesha mashtaka mpaka kufa kwake. Anayeshika la pili tu atawaambia wajane na mayatima wanyamaze. Msalaba unayashika yote mawili: dhambi imehukumiwa pale waziwazi, na mwenye dhambi ameachiliwa pale pale.

Sasa na tujiangalie sisi wenyewe, sisi tunaoketi katika viti vya kanisa hapa mpakani. Hatujaamuru mtu auawe. Lakini katika nchi ya mpaka mtu hukutana na majaribu kila siku. Wenye umri wanaikumbuka miaka ya 1970, bei ya kahawa ilipopanda sana duniani baada ya baridi kali kuiharibu mikahawa ya Brazili mwaka wa 1975, na kahawa ya Uganda ikavushwa huku usiku kwa magendo. Nyumba za bati zilijengwa. Je, sadaka ya siku zile iliulizwa ilikotoka? Na leo, mahindi yanapopimwa, jiwe la mizani ni lile lile kwa anayenunua na kwa anayeuza? Mwenye lori anayengoja Malaba siku tatu, anaombwa nini ili karatasi zake zipigwe muhuri? Anayeomba anaweza kuwa mwimbaji wa kwaya, na anayetoa anaweza kuwa mzee wa kanisa.

Bwana wetu alijua habari za forodha. Katika Luka 18 alisimulia juu ya watu wawili waliopanda hekaluni kuomba. Farisayo alihesabu kufunga kwake na zaka zake. Mtoza ushuru alisimama mbali, akajipiga kifua, akaomba rehema tu. Yesu alisema ya kuwa huyu ndiye aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki. Ukiusimulia mfano huu hapa Busia, mahali ambapo watu wanawajua watoza ushuru kwa majina, utasikia uzito wake. Na kama mtu akidhani ya kuwa rehema ilimwachia mtoza ushuru aendelee kudhulumu, na afungue ukurasa unaofuata, sura ya 19. Zakayo alipopokewa na Yesu alirudisha mara nne. Hakurudisha ili apokewe. Alipokewa kwanza, ndipo mkono wake ukafunguka. Hiyo ndiyo njia ya neema. Haiwi malipo ya wema wetu, bali wema wetu unazaliwa nayo.

Tena tujiulize tunavyowatendea walioanguka. Msichana akipata mimba anaondolewa kwaya kesho yake, na kijana aliyempa mimba anaendelea kupiga ngoma. Mzee akikutwa na kosa, anatengwa na Meza ya Bwana, na hakuna anayekwenda nyumbani kwake kumwombea. Nidhamu ya kanisa ni kitu chema, lakini kusudi lake ni kumrudisha mtu. Nidhamu isiyomtafuta aliyepotea inafanana na mchungaji anayehesabu kondoo tisini na tisa, akafunga zizi, akalala.

Na kwenye matanga yetu, tuache desturi ya kuwafanya marehemu wawe wakamilifu kwa maneno ya sifa. Hannington hakuhitaji tumsifu kuwa hakuogopa. Aliogopa, na Mungu alikuwa pamoja naye. Muge hakuhitaji tumfanye mtu asiye na kasoro ndipo tumheshimu. Tukiwafundisha watoto wetu ya kuwa Mungu hutumia watu wakamilifu tu, watakua wakijificha makosa yao, na siku watakapoanguka watadhani hakuna njia ya kurudi. Tuwafundishe ukweli. Mungu alimtumia askofu mwenye haraka, kasisi aliyekuwa mtumwa, Wakristo wagomvi wa Mengo, na askari wa zamani mwenye ulimi mkali. Na mwisho wa yote alimngoja Mwanga.

Huenda yuko anayetusikia ambaye moyoni anasema: Mimi nimekwenda mbali mno. Ndugu yetu, dada yetu, hujakwenda mbali kuliko Ushelisheli. Na huenda yuko anayesema: Mimi sijambo, sijaua wala kuiba. Nawe tunakusihi umtazame yule Farisayo, aliyerudi nyumbani na hesabu yake yote mkononi, naye hakupata kitu.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, wewe unatujua tulivyo. Hakuna aliye safi mbele yako, wala sisi tunaolihubiri Neno lako. Tunakushukuru kwa ajili ya wote waliopita njia hii wakilibeba jina lako katika udhaifu wao. Uwafariji waliopoteza wapendwa wao na hawajaujua ukweli. Utulinde ndimi zetu. Utupe kurudisha tulichodhulumu, na kumpokea aliyeanguka kama tulivyopokewa sisi. Uibariki nchi hii ya mpakani, upande huu na upande ule. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.